Kanisa la Mkunazini na Ushahidi Tulioukalia Kimya

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, kurasa hizi zimezoea kuhakiki vitabu na fat'wa. Leo tunaomba kuhakiki jengo. Nalo si msikiti bali ni kanisa: Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, lililojengwa juu ya kiwanja cha soko la watumwa. Msomaji atauliza, sheikh wa Kyela ana shughuli gani na kanisa la Unguja? Jibu ni kwamba tulipelekwa huko na swali la mwanafunzi wetu, swali ambalo mara ya kwanza tulilijibu vibaya.

Swali lililotutoa Kyela

Sisi makazi yetu ni ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, nchi ya mpunga na kakao, kati ya Mto Songwe na milima ya mashariki ambayo ramani huiita kwa jina la Livingstone. Katika nchi hii Waislamu ni wachache. Wamoravian na Walutheri walifika tangu 1891, wakajenga Rungwe, Ipyana na Matema, na jirani zetu wengi, na hata ndugu zetu wa damu, ni watu wa makanisa hayo. Tunaishi nao vizuri. Fundi aliyetujengea msikiti ndiye anayewajengea wao, na madirisha yetu na yao yana tao la aina moja, kwa sababu fundi ana kalibu moja tu.

Siku moja baada ya darsa ya alasiri, kijana mmoja aliyesilimu miaka michache nyuma alibaki nyuma ya wenzake. Akatuamkia, akakaa, akasema, "Shehe, shuleni wananiambia kwamba dini niliyoingia ndiyo iliyowauza mababu zangu. Niwajibu nini?"

Tukamjibu haraka. Tukamtajia meli za Wareno, mashamba ya Wafaransa ya Réunion na Mauritius, na mamilioni waliovushwa bahari ya Atlantiki na watu waliokuwa wakienda kanisani kila Jumapili. Yote hayo ni kweli. Kijana akasikiliza kwa adabu, akasema, "Ahsante, Shehe," akaondoka. Lakini tulipobaki peke yetu tukajua kwamba hatukumjibu. Yeye aliuliza habari za ziwa lake, nasi tukamjibu kwa habari za bahari ya wengine.

Maana wazee wa huku wanajua. Ng'ambo ya Songwe, Karonga, alikuwapo Mlozi bin Kazbadema, mfanyabiashara wa kutoka pwani aliyejenga boma lake Mpata na mwaka 1887 akajitangaza sultani wa nchi ya Wangonde, ambao ni ndugu wa Wanyakyusa. Oktoba ya mwaka huo watu wake waliwashambulia Wangonde waliokimbilia kwenye matete ya Kambwe kando ya ziwa, wakawaua wengi na kuwateka wengine. Vita kati yake na kampuni ya Waingereza ya African Lakes iliendelea hadi mapatano ya 1889, na mwisho wake ulikuwa Desemba 1895, Harry Johnston alipolivunja boma na Mlozi akanyongwa. Mtu huyu aliswali. Alikuwa na jina kama majina yetu. Kumficha hakumwondoi katika tarikh.

Ndipo tukaazimia kwenda kuona mahali ambapo njia ile iliishia. Watu waliotekwa kando ya Nyasa walitembezwa hadi Kilwa Kivinje, wakapakiwa majahazini, na wengi wakafikishwa Unguja. Wanahistoria wanakisia kwamba katika miaka ya 1860 kati ya watu 15,000 na 20,000 walipita Zanzibar kila mwaka, na sehemu kubwa yao walitoka upande wa ziwa letu. Hadi leo neno "Mnyasa" linajulikana Unguja kuwa ni jina la asili ya mtu. Tukachukua wanafunzi wawili, na kijana mwenye swali akiwa mmoja wao, tukapanda basi kupitia Tukuyu na Mbeya hadi Dar es Salaam, kisha boti.

Je, inajuzu kuingia?

Kabla ya safari baadhi ya waumini walitulaumu: vipi sheikh anawapeleka vijana kanisani? Suala hili lina maneno ya wanazuoni, na ni vyema imamu ayajue.

Imam Bukhari ameweka mlango maalumu kuhusu kuswali kanisani. Humo ametaja kauli ya Sayyidna Umar (r.a.) kwamba kilichowazuia kuingia makanisa ya watu wa Kitabu ni masanamu yaliyomo, na akataja kwamba Ibn Abbas (r.a.) alikuwa akiswali kanisani isipokuwa lenye masanamu. Imam Nawawi katika Al-Majmu' ameona kuswali humo ni makruhu, kisha akanukuu kutoka kwa Ibn al-Mundhir kwamba Abu Musa, Hasan al-Basri, Sha'bi, Umar bin Abdul Aziz na Awza'i wameruhusu. Mashafi wa baadaye wameongeza sharti la kupata idhini ya wenyewe. Kwa hiyo anayeingia kwa idhini, kwa ajili ya kujifunza, bila kushiriki ibada yao wala kutukuza picha, ana wanazuoni wa kumtegemea. Na anayejiepusha pia ana wa kumtegemea. Asiwepo wa kumtukana mwenzake.

Tena tusisahau kwamba katika Suratul Hajj, aya ya 40, Mwenyezi Mungu ameyataja mahekalu ya watawa, makanisa na masinagogi pamoja na misikiti, kwamba lau si Yeye kuwazuia watu wengine kwa wengine vyote vingebomolewa. Mufasirina wengi wanaeleza hapo kwamba mwenye ahadi hulindiwa nyumba yake ya ibada. Sisi tuliswali adhuhuri katika msikiti ulio jirani, kisha tukakata tiketi na kuingia kwa miguu ya wageni.

Jengo lenyewe

Tuanze na historia yake. Misheni ya Vyuo Vikuu, maarufu kwa jina la UMCA, ilihamia Zanzibar mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer. Juni 1873 Sultani Barghash bin Said, kwa shinikizo la Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Misheni ikapata kiwanja, na jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka huo huo. Mwenye kusimamia kazi alikuwa Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu mwaka uliofuata. Ibada ilifanyika humo Krismasi ya 1877 kazi ikiwa bado haijaisha, na ujenzi wote ulichukua miaka saba hivi. Steere alifariki 1882 na kuzikwa nyuma ya madhabahu.

Umbo lake la jumla ni la kanisa la Kiingereza: ukumbi mrefu kwa mtindo wa Gothiki, na madhabahu mwisho wa ukumbi. Hapa ndipo penye tofauti na msikiti ambayo mwanafunzi wa fiqhi anaiona mara moja. Msikiti hupanuka upande, kwa kuwa safu ya swala hutaka watu wasimame bega kwa bega mbele ya kibla. Kanisa hili hurefuka mbele, kwa kuwa macho ya wote yanatakiwa yafike mahali pamoja. Na mahali hapo pamechaguliwa kwa kusudi: inaelezwa kwamba madhabahu imewekwa pale pale uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Kwa hiyo mtu akikaa humo, hawezi kuangalia mbele bila kuangalia jambo hilo. Sisi hatuafiki ibada inayofanywa pale, lakini kwa hukumu ya ujenzi tunasema kwamba jengo limeujua wajibu wake.

Lakini mtu akiacha kutazama mbele akatazama kuta, ataona jengo linasema na lugha nyingine. Kuta ni za matumbawe na chokaa, ufundi wa pwani hii. Watu wa hapa walijua kuchonga matumbawe kabla ya Mzungu yeyote kufika: mihrabu ya Kizimkazi ina maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Umbo la matao na mapambo kadhaa ya kanisa hili yana ladha ya Kiarabu, na wanaoeleza majengo ya Mji Mkongwe hulitaja kuwa mchanganyiko wa Gothiki na Uislamu.

Hapo tunaongeza neno. Hata hilo tao lenye ncha linalohesabiwa kuwa alama ya Gothiki, si mali ya Ulaya peke yake. Msikiti wa Ibn Tulun huko Cairo, uliokamilika mwaka 879, umejengwa kwa safu za matao yenye ncha, na makanisa ya kwanza ya Gothiki nchini Ufaransa ni ya karne ya 12. Na sisi pia tulichukua. Kubbat al-Sakhra ya Baitul Maqdis ina umbo la pande nane lililojulikana katika makanisa ya Sham, na msikiti wa Cordoba ulisimamishwa kwa nguzo nyingi zilizotolewa katika majengo ya waliotangulia, kisha mwaka 1236 ukageuzwa kanisa. Mafundi wa dini zote mbili wamekuwa wakiazimana vyombo tangu zamani, na hakuna aliyekufuru kwa kuazima tao.

Paa lina habari yake. Ni tao moja refu mfano wa pipa lililokatwa nusu, limemiminwa kwa matumbawe yaliyopondwa na saruji. Inasimuliwa kwamba watu walitabiri litaanguka, nalo limesimama hadi leo. Wageni huambiwa hilo kuwa ni ajabu ya Steere. Hatumpunguzii. Lakini Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulifunikwa kwa kuba na matao ya pipa ya matumbawe na chokaa karne nne au zaidi kabla yake. Fundi wa pwani hakuanza kufundishwa mwaka 1873.

Karibu na mlango wa magharibi zipo nguzo fupi ambazo zimesimama kichwa chini. Kisa chake ni mashuhuri: askofu alisafiri, mafundi wakazisimamisha bila kujua upi ni utako na upi ni kichwa, naye aliporudi akaziacha. Wageni hucheka. Sisi hatukucheka sana. Mafundi wale walipewa umbo wasilolijua, bila mtu wa kuwaeleza maana yake, wakaliweka kwa nguvu na ustadi walionao. Mara ngapi sisi walimu wa madrasa tumewapa watoto matini ya Kiarabu kwa namna hiyo hiyo, wakaihifadhi yote kichwa chini?

Na Steere mwenyewe anastahili insafu. Alijifunza Kiswahili kwa Waislamu wa Unguja, akatoa kitabu cha sarufi na mkusanyiko wa hadithi za Kiswahili mwaka 1870, akatafsiri vitabu vya dini yake kwa lugha hii. Kwa upande mwingine misheni yake ilikuwa miongoni mwa walioitoa lugha hii katika herufi za Kiarabu ilizoandikwa kwa karne nyingi na kuitia katika herufi za Kirumi. Jengo lake ni kama kazi yake: jiwe letu, chokaa yetu, mikono ya watu wetu, na mpango wake.

Kasoro ya masimulizi

Sasa tuje kwenye ukosoaji wenyewe. Jengo hili husimuliwa kwa namna mbili mjini, na zote mbili zina kasoro.

Simulizi ya kwanza ni ile ya kawaida ya vitabu vidogo vya watalii: Waarabu Waislamu waliuza watu, Wakristo wakaja wakawakomboa, na kanisa ni muhuri wa ushindi. Ndani ya kanisa upo msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ambapo ulizikwa moyo wa Livingstone, aliyefariki 1873. Ni sawa kumkumbuka mtu aliyepiga kelele dhidi ya biashara hii. Lakini Livingstone huyo huyo mwaka 1867 alisaidiwa njiani na Tippu Tip; watekaji wa bara hawakuwa wa kabila moja wala dini moja; pembe za ndovu zilizobebwa na watumwa ziliishia Ulaya na Marekani; na baada ya wakombozi kuja, nchi yetu ilitawaliwa kwa kiboko. Wageni huonyeshwa pia vyumba vya chini, katika jengo la Mtakatifu Monika lililo jirani, na kuambiwa ndimo watumwa walimofungiwa. Jengo hilo lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria waliohoji maelezo hayo. Dhuluma ya kweli haihitaji kuongezewa chumba.

Simulizi ya pili ni yetu, na kasoro yake ni kubwa zaidi kwa kuwa tunaijua Qur'ani. Sisi husema: hizi ni propaganda za makanisa. Au husema: utumwa wa Waarabu ulikuwa wa huruma. Au, kama tulivyomfanyia kijana wetu, tunataja Atlantiki na kunyamaza. Wapo Waislamu waliozaliwa hatua chache na kanisa hili ambao hawajawahi kusimama kwenye kiwanja chake, kwa kuona kwamba kusimama hapo ni kukubali kushindwa.

Nje ya kanisa lipo kumbukumbu la mwaka 1998, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs: watu watano wa mawe wamesimama ndani ya shimo, shingo zao zimeunganishwa kwa mnyororo. Mmoja wa wanafunzi wetu aligeuza uso akasema masanamu ni haramu. Tukamwambia, kweli, mwanangu, jamhuri ya wanazuoni wamekataza kuchonga sanamu ya kiumbe, na hatutalibadilisha hilo kwa ajili ya utalii. Lakini mnyororo si sanamu. Inaelezwa kwamba minyororo ile ni ya kweli, ya zama zile. Utazame huo, kisha utuambie umekatazwa wapi kuutazama. Akautazama. Kijana mwenye swali alikuwa ameshachuchumaa ukingoni mwa shimo, hakusema neno.

Katika Suratun Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kuwa mashahidi wa haki hata kama ushahidi unatugeukia sisi wenyewe, wazazi wetu na jamaa zetu. Na katika Suratul Maida, aya ya 8, tumekatazwa kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Aya ya pili inawafunga wanaotuchukia wakiwa waadilifu. Ya kwanza inatufunga sisi. Waliotutangulia waliielewa. Baladhuri katika Futuh al-Buldan anasimulia kwamba Walid bin Abdul Malik alipolitia kanisa la Nabii Yahya ndani ya msikiti wa Damascus, Wakristo walimshitakia baadaye Khalifa Umar bin Abdul Aziz. Hakuwaambia kwamba Warumi nao waliwahi kuvunja mahekalu ya wengine. Aliwasikiliza, akaamuru warudishiwe haki yao, hadi suluhu ikapatikana kwa kuachiwa makanisa mengine ya Ghuta. Khalifa yule alishuhudia dhidi ya ukoo wake mwenyewe wa Bani Umayya, na Uislamu haukupungua.

Neno la fiqhi

Basi tuseme nini? Tusiseme uongo kwamba vitabu vyetu vilikataza utumwa tangu mwanzo. Havikukataza. Uislamu uliukuta utumwa duniani kote, ukaibana milango ya kuingilia na kuipanua milango ya kutokea. Kumwacha mtumwa huru kukafanywa kafara ya makosa, kukatajwa katika Suratul Balad kuwa ni njia ya mlimani, na fungu la zaka likatengwa kwa ajili yake. Mlango mkuu uliobaki ni mateka wa vita halali chini ya kiongozi halali, pamoja na wanaozaliwa utumwani. Ama kanuni ya mafakihi ni kwamba asili ya mwanadamu ni uhuru. Hata mtoto aliyeokotwa njiani, asiyejulikana wazazi wake, huhukumiwa kuwa huru.

Sasa tupime kwa mizani hiyo jambo lililofanyika Kambwe. Ilikuwa vita ya kiongozi gani halali? Wangonde walivunja ahadi gani? Mtu aliyechukuliwa katika shamba lake la ndizi, mama aliyechukuliwa mtoni na mtungi wake, hawa ni watu huru waliotekwa. Na kumuuza mtu huru ni katika madhambi makubwa. Katika hadithi al-qudsi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), mwenye kumuuza mtu huru na kula thamani yake ni mmoja wa watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Mwenye kuwa na hasimu huyo, ni nani atakayemtetea? Je, sisi ndio tujitolee kuwa mawakili wake?

Wala hukumu hii hatukuizua leo kwa kuwaridhisha watu. Mwanahistoria wa Morocco Ahmad al-Nasiri, aliyefariki 1897, aliandika kuwakemea wanaouza watu weusi, akashikilia kwamba asili ni uhuru na kwamba neno la mfanyabiashara wa watumwa si hoja ya sheria. Ahmad Bey wa Tunis alifuta utumwa mwaka 1846 na kuzipeleka hoja zake kwa wanazuoni wa nchi yake. Zanzibar hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Na Septemba 2014, kundi moja huko Iraq na Sham lilipodai kuurudisha, wanazuoni zaidi ya 120 waliliandikia kwamba jambo hilo limekatazwa na umma umekwisha kukubaliana juu ya kulifuta.

Lakini lipo swali linalobaki, nalo ndilo zito. Soko la Mkunazini halikuwa la siri. Ushuru ulilipwa forodhani. Adhana ilisikika pale. Kanuni kwamba asili ni uhuru ilikuwamo katika vitabu vilivyosomeshwa katika darsa za mji ule ule. Ilihitaji mtu mmoja kumuuliza muuzaji: huyu umempata kwa vita gani? Kwa kiasi kikubwa swali hilo halikuulizwa, na soko likafungwa kwa mkataba na manowari za Waingereza. Hilo ndilo linalotuuma kuliko kanisa lililojengwa juu yake. Kama faqihi angelifunga soko kwa hoja ya Bukhari, pengine pale pangesimama msikiti, na sisi tungewapeleka watoto wetu kwa fahari.

Tulipotoka, tulitazama juu tukaona mnara wa kanisa na saa yake, ambayo inasimuliwa kuwa ni zawadi ya Sultani Barghash, na si mbali nao mnara wa msikiti. Alasiri ilikuwa imeingia. Tukaenda kuswali.

Tunayowaomba maimamu

Kwanza, mlango wa itq, yaani kuacha watumwa huru, usirukwe katika darsa kwa kisingizio kwamba umepitwa na wakati. Usomeshwe pamoja na habari za Kilwa Kivinje, Mkunazini na Karonga, ili mwanafunzi ajue hukumu na ajue namna ilivyovunjwa. Pili, mtu akiulizwa kuhusu utumwa asianze kwa kutaja makosa ya wengine. Aanze kwa kushuhudia, kisha ataje ya wengine kwa mizani hiyo hiyo. Tatu, mwenye nafasi ya kufika Unguja aende Mkunazini kwa adabu za fiqhi tulizozitaja, asome mawe yale, na amwombee dua kila aliyepita pale.

Tuliporudi Kyela, tulimwita yule kijana baada ya darsa ya alasiri, mahali pale pale. Tukamwambia, "Mwanangu, siku ile tulikujibu vibaya. Waliowateka watu wa ziwa hili walikuwemo Waislamu, na walifanya hivyo kinyume cha dini yao, na wanazuoni wengi wakanyamaza. Dini haikumuuza babu yako. Lakini waliokuwa nayo walimuuza. Wajibu hivyo."

Akafikiri kidogo, akauliza, "Shehe, mbona hili sijawahi kulisikia kwenye khutba?"

Hatukuwa na jibu. Ijumaa iliyofuata tulipanda mimbari tukaisoma hadithi ya Abu Huraira, tukawataja watu wa Kambwe na mahali pao. Baadhi ya wazee hawakufurahi, na mmoja wao alitwambia hivyo mlangoni. Mwingine alitushika mkono akatueleza kwamba bibi yake mzaa mama alipotea ng'ambo ya Songwe akiwa msichana, na kwamba nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumwombea dua.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliodhulumiwa, atusamehe kwa tulichokinyamazia, na atujaalie kuwa mashahidi wa haki. Wallahu a'lam.